Mellitus ni asali, lakini asali haina kesi

Tabora ukitafuta asali huhangaiki. Ipo stendi, ipo sokoni, ipo kwenye vibanda vya miti kando ya barabara ya Sikonge, imejazwa kwenye chupa za maji za lita moja na nusu na kwenye madumu ya lita 20. Kuna ya nyuki wakubwa, kuna ya nyuki wadogo ambayo bei yake haishikiki, kuna nyeusi tii na kuna ile yenye rangi ya chai isiyo na maziwa. Pengine ndiyo maana jina la kitaalamu la ugonjwa wa kisukari limezua ubishi hapa kuliko ambavyo lingezua kwingine.

Ubishi wenyewe huanza hivi. Mzee anatoka kliniki na kadi yake. Mahali pa kuandika ugonjwa, daktari ameweka herufi mbili tu: DM. Kijana wa nyumbani anaingia kwenye simu, anakuta kirefu chake ni diabetes mellitus, anazidi kuchimba, anakuta mellitus ni neno la Kilatini lenye maana ya "iliyotiwa asali". Hapo moto umeshawaka. Shangazi anasema, "Si niliwaambia? Hiyo asali mnayoinywa kama maji ndiyo inayowaletea." Jirani anayeuza asali naye hakubali kushindwa: jina lenyewe limetaja asali, na dawa ya moto ni moto, kwa hiyo mgonjwa apewe vijiko viwili kila asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni. Ujumbe wa namna zote mbili unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na kila upande unaapa kwamba ushahidi wake uko kwenye jina.

Jina halina ushahidi huo. Linaeleza kitu kimoja tu, yaani kile ambacho matabibu wa zamani walikiona, na baadaye wakakionja, kwenye mkojo wa mgonjwa. Chanzo chake hawakukijua, na jina walilitoa kabla hawajakijua.

Tuanze na ugonjwa. Ugali, wali, michembe, soda, vyote hivyo vikishafika tumboni huvunjwavunjwa hadi sehemu yake kubwa inakuwa sukari ndogo iitwayo glukozi, nayo huingia kwenye damu. Kutoka kwenye damu inatakiwa iende kwenye misuli, ini na mafuta ya mwili, ikatumike au ikahifadhiwe. Anayeisimamia safari hiyo ni homoni iitwayo insulini, inayotengenezwa na kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya mfuko wa chakula. Insulini ikikosekana, au ikiwepo lakini mwili ukawa hauiitikii, glukozi hubaki kwenye damu ikajazana. Hicho ndicho kisukari.

Kiasi kinachohusika ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Damu yote ya mtu mzima ni kama lita tano. Mashine ya kupimia sukari ikisoma 5, maana yake ni milimoli tano za glukozi katika kila lita, na ukizikusanya zote unapata gramu nne na nusu hivi, yaani kijiko kimoja cha chai kwa mwili mzima. Mtu ambaye mashine imesoma 15 anatembea na vijiko vitatu. Hivyo viwili vya ziada, vikikaa miaka, ndivyo vinavyoharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguuni.

Kiswahili chenyewe kimechagua njia yake. Kisukari kimepewa ki- kama kifaduro na kipindupindu, na kimejengwa juu ya sukari, neno lililotufikia kwa Waarabu ambao nao walilipokea kutoka Uajemi, na huko lilitokea India, kwenye Kisanskriti, ambako lilimaanisha changarawe. Sokoni kisukari ni ndizi pia, zile ndogo tamu, na sijawahi kusikia mtu akidai kwamba ndizi hizo zinaleta ugonjwa kwa sababu ya kufanana jina. Kwa asali tumekuwa wakali zaidi.

Sasa tuligeukie jina la kwenye kadi. Ni maneno mawili ya lugha mbili. Diabetes ni Kigiriki: dia ni "kupitia", bainein ni "kwenda, kupiga hatua". Wagiriki walilitumia neno hili kwa vitu kadhaa. Bikari ya kuchorea duara iliitwa diabetes kwa sababu husimama imetanua miguu kama mtu anayevuka mtaro. Bomba la kuhamishia maji kutoka chombo kimoja kwenda kingine nalo liliitwa hivyohivyo, na hili ndilo lililoupa ugonjwa jina. Yeyote aliyewahi kununua petroli ya chupa vijijini ameshaliona likifanya kazi: muuzaji anatumbukiza mpira kwenye dumu, anavuta mara moja kwa mdomo, anateremsha ncha ya pili chini ya usawa wa dumu, anatema mate, na kuanzia hapo mafuta yanatoka yenyewe bila mtu kuyasukuma.

Aretaeus wa Kapadokia, tabibu aliyeandika kwa Kigiriki yapata karne ya 2 (Kapadokia leo ni sehemu ya Uturuki), aliwaeleza wagonjwa wa namna hii kwa ufundi ambao hadi leo madaktari wanausoma kwa heshima. Kiu haizimiki. Mkojo haukatiki. Mgonjwa anakonda kana kwamba nyama na viungo vyake vinayeyuka na kutoka kwa njia ya mkojo, na maisha yake baada ya hapo ni mafupi na yenye mateso. Jina, alifafanua, limetokana na bomba lile, kwa kuwa majimaji hayakai mwilini, yanaufanya mwili kuwa njia ya kupita tu. Galen, tabibu aliyetawala mawazo ya utabibu kwa zaidi ya miaka elfu moja baada yake, aliandika kwamba wagonjwa wa aina hii alikutana nao wawili tu, na lawama akazitupia figo.

Angalia kilichokosekana hapo. Hakuna sukari. Hakuna asali. Diabetes peke yake ni maji yanayopita, basi. Hilo lishike, tutalihitaji mwishoni.

Utamu uligunduliwa mapema zaidi mashariki. Maandiko ya kale ya utabibu ya India, yale yanayohusishwa na Sushruta na Charaka, yanautaja ugonjwa wa madhumeha, na madhu ni asali. Waliona mkojo wa baadhi ya wagonjwa unavuta sisimizi. Ulaya habari hiyo ilichelewa sana. Mwaka 1674 Thomas Willis, daktari Mwingereza aliyewahi kufundisha Oxford, alichapisha kwamba mkojo wa wagonjwa hawa una utamu wa ajabu, kana kwamba umechanganywa na asali au sukari. Alijuaje? Aliuonja. Tusimcheke. Zama zile maabara ya daktari ilikuwa pua, jicho na ulimi wake, na mkojo ulikuwa miongoni mwa vitu vichache vya ndani ya mwili vilivyoweza kuchunguzwa bila kumkata mtu.

Mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool akaenda mbele hatua moja, na kwa maoni yangu hatua hiyo ni kubwa kuliko ya Willis ingawa jina lake halitajwi sana. Alichukua mkojo wa mgonjwa, akauchemsha taratibu mpaka maji yote yakaisha. Kilichobaki kwenye chombo kilikuwa chembechembe nyeupe zinazomomonyoka kwa vidole, zenye harufu na ladha ya sukari. Kisha akaonja majimaji ya damu ya mgonjwa huyohuyo, akakuta nayo ni matamu. Kwa hiyo figo hazikuwa zikiitengeneza ile sukari. Ilikuwa damuni tangu mwanzo, na figo zilikuwa zikiipitisha.

Katika karne hiyohiyo ya 18 ndipo madaktari walipoanza kutenganisha waziwazi wagonjwa wa mkojo mtamu na wale wa mkojo mwingi usio na ladha. Wa kwanza wakaitwa mellitus, kutoka mel, asali kwa Kilatini. Wa pili wakaitwa insipidus, "isiyo na ladha". Kwa nini asali na si sukari, wakati London ya wakati huo ilishakuwa na sukari ya miwa? Kwa sababu madaktari walikuwa wakiazima maneno kwa Warumi, na Mrumi wa kale utamu wake ulitoka kwa nyuki na kwenye matunda. Miwa kwake ilikuwa habari za mbali. Laiti jina lingetungwa na mtu asiyejua Kilatini, huenda kadi zetu zingeandikwa kitu kingine kabisa, na shangazi na jirani wangekosa cha kubishania.

Swali linalofuata watu huliuliza sana: kama sukari imezidi damuni, inafikaje kwenye mkojo? Fikiria bwawa la Igombe. Maji yakiwa chini ya kimo cha utoro, yaani njia ya kutokea maji yaliyozidi, hayamwagiki, hata kama bwawa limejaa kuliko kawaida. Yakipanda yakafikia kimo hicho, ndipo yanapoanza kupita. Figo nazo zina kimo chao. Kila siku huchuja glukozi nyingi kutoka kwenye damu, lakini huirudisha yote, hata kidogo isipotee. Sukari ya damu ikifikia takriban 10, uwezo wa kurudisha unafika mwisho, na kinachozidi kinamwagika kwenye mkojo. Glukozi hiyo haitoki peke yake, huvuta maji na kutoka nayo. Ndiyo maana mgonjwa anakojoa sana, anakaukiwa, anapata kiu, anakunywa, anakojoa tena. Aretaeus aliliona bomba. Kilichokuwa kikiyavuta maji hakukiona.

Na hapa kuna kosa moja la mtaani ambalo limewagharimu watu. Wapo wanaojipima kwa sisimizi: mtu anakojoa nje, kesho yake anachungulia, akikuta hakuna wadudu anasema yuko salama. Hesabu inamkataa. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, sukari ya 7 na kuendelea kabla ya kula chochote asubuhi ni kisukari tayari, ingawa daktari huirudia siku nyingine kwa mtu asiye na dalili. Kati ya 7 na 10 figo bado zinairudisha yote na mkojo hauna utamu wowote. Mtu anaweza kuishi hapo miaka, sisimizi wasije, huku macho yakiharibika kimyakimya. Kwa upande mwingine, mjamzito anaweza kuwa na sukari kidogo kwenye mkojo bila kuwa na kisukari, kwa kuwa mimba huteremsha kile kimo cha figo. Kipimo ni tone la damu kwenye ncha ya kidole, stripu, na sekunde chache za kusubiri namba.

Maneno mengine ya kwenye kadi ukiyafungua yanakuwa mepesi. Herufi HTN, ambazo mara nyingi hukaa jirani na DM kwa kuwa magonjwa haya mawili hupenda kufuatana, ni kifupi cha neno lenye hyper ya Kigiriki, "kupita kiasi", na tensio ya Kilatini, "mvutano". Ni shinikizo la juu la damu, nalo limechanganya lugha mbili kama lilivyofanya jina la kisukari. Ukikuta neno linaanza na nephro, ni figo. Retino ni ule utando wa nyuma ya jicho, ulioitwa kwa neno la Kilatini la wavu. Neuro ni mishipa ya fahamu. Likimalizikia na -pathia, kutoka pathos, kuna maumivu au madhara mahali hapo. Kongosho kwa Kigiriki ni pankreas, "nyama tupu", kwa sababu waliolipasua hawakukuta mfupa wala gegedu, wakadhani ni mto wa kuegemea mfuko wa chakula.

Insulini imetokana na insula, kisiwa. Mwaka 1869 mwanafunzi wa udaktari Mjerumani, Paul Langerhans, aliona kwa hadubini vikundi vidogo vya seli vimetawanyika kwenye kongosho, tofauti na zilizovizunguka. Hakujua vinafanya nini. Mwaka 1889 Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho huko Strasbourg, mbwa akapata kisukari. Basi kitu kinachozuia kisukari kilikuwa mle, na kilipewa jina la visiwa kabla hata mtu hajafanikiwa kukitoa. Frederick Banting na Charles Best walikitoa Toronto mwaka 1921, wakiwa chini ya John Macleod, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14 akachomwa sindano ya kwanza. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari alikuwa akisubiri kufa.

Lakini jozi ambayo ningependa kila nyumba yenye mgonjwa iijue ni hyper na hypo. Hyper ni juu, hypo ni chini. Glyk- ni utamu, -emia ni kwenye damu. Haiperglisemia, sukari imepanda. Haipoglisemia, sukari imeshuka. Kwenye karatasi zinatofautiana kidogo tu, na kwenye simu yenye mtandao mbovu hazitofautiani kabisa: muuguzi anasema moja, ndugu anasikia nyingine. Sisi tuna "imepanda" na "imeshuka", maneno yasiyosikika kama ndugu, na sioni sababu ya kuyaacha wakati mtu yuko hatarini. Kupanda kwa kawaida huchukua saa nyingi au siku. Kushuka kunakuja kwa dakika, na kunawapata zaidi wanaotumia insulini au baadhi ya vidonge, hasa wakichelewa kula au wakilima tangu alfajiri bila kitu tumboni. Mtu anatetemeka, jasho jembamba linamtoka, moyo unakwenda mbio, anaanza kuongea ovyo au kukasirika bila sababu. Mashine ikisoma chini ya 4, anahitaji sukari ya haraka kama gramu 15, kisha apimwe tena baada ya robo saa.

Na unajua kimojawapo cha vitu vinavyofaa hapo? Kijiko kikubwa kimoja cha asali. Kina gramu 17 hivi za sukari, kinamezeka upesi, na Tabora hakikosekani nyumbani. Sharti moja: awe ana fahamu na anaweza kumeza. Aliyezimia asimiminiwe chochote mdomoni, asali wala soda, kitaingia njia ya hewa. Huyo akimbizwe hospitali.

Basi asali inaruhusiwa au hairuhusiwi? Hili linataka namba, maana kwa maneno matupu kila mtu ana haki. Asali kwa uzito wake ni sukari kwa zaidi ya asilimia 80, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Sukari zenyewe ni fruktozi na glukozi, na hiyo glukozi ndiyo ileile inayosomwa na mashine. Ni kweli haijapita kiwandani. Kongosho halijui kiwanda. Ni kweli pia kwamba kwa kiasi kile kile cha sukari, asali hupandisha damu kwa kasi pungufu kidogo kuliko sukari nyeupe, lakini kidogo hicho kinamezwa na jambo ambalo wauzaji hawalitaji: asali ni nzito. Kijiko cha chai kilichosawazishwa cha sukari nyeupe kina gramu nne. Kijiko hichohicho cha asali kina gramu saba za asali, na ndani yake karibu gramu sita za sukari. Anayebadilisha kijiko kwa kijiko kwenye chai yake akidhani amepunguza, ameongeza.

Ya nyuki wadogo nayo imepewa sifa zisizo zake. Ina maji zaidi na uchachu zaidi, ladha yake mimi naipenda kuliko ya nyuki wakubwa, na bado ni sukari iliyoyeyuka. Kuiwasha kwa kiberiti kuona kama imechakachuliwa hakumsaidii mgonjwa, kwa sababu asali halisi kabisa, iliyorinwa jana msituni na mtu unayemwamini, ndiyo iliyojaa sukari kuliko iliyotiwa maji. Wanzuki ni habari nyingine: nyuki wameweka utamu, hamira imeugeuza sehemu yake kuwa pombe, na pombe kwa anayetumia insulini inaweza kuishusha sukari saa kadhaa baadaye, usiku wa manane, wakati waliomzunguka wanadhani amelewa tu.

Kuhusu kusababisha, shangazi naye hana kesi. Kisukari cha aina ya kwanza, kinachowapata zaidi watoto na vijana, hutokea pale kinga ya mwili yenyewe inapozishambulia zile seli za visiwani. Hakuna chakula alichokula mtoto wala alichokula mama yake kinachobeba lawama hiyo, na inauma kuona mzazi akisutwa kwa pipi. Aina ya pili, ambayo ndiyo ya wagonjwa walio wengi, inaletwa na mchanganyiko: urithi wa ukoo, umri, uzito uliozidi hasa kiunoni, mwili usiofanya kazi, na ulaji wa kuzidisha kwa ujumla, ambamo sukari za kunywa zina sehemu yake. Anayekula ugali mkubwa na viazi vitamu mara tatu kwa siku, akakaa dukani hadi jioni, anaweza kuupata bila kulamba asali hata siku moja.

Tena tazama miaka. Unyamwezi umerina asali tangu enzi na enzi. Mizinga ya magogo na ya magome ilikuwa juu ya miti ya miombo kabla reli haijafika. Kama asali ndiyo ingekuwa mchawi, ugonjwa huu ungekuwa wa mababu. Lakini uchunguzi uliofanywa kwenye vijiji kadhaa vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta wenye kisukari hawafiki mtu mmoja katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ukakuta sukari iliyopanda kwa asilimia 9.1. Umri na njia za kupima havikuwa sawa, kwa hiyo namba hizo mbili hazilingani moja kwa moja, ila mwelekeo wake haufichiki. Kilichobadilika katikati ni namna tunavyokwenda kazini, tunachokunywa tukiwa na kiu na ukubwa wa viuno vyetu. Nyuki ni walewale.

Limebaki lile neno la pili, insipidus, na hapa jina la zamani limefanya madhara ya kweli. Ni ugonjwa nadra. Hauhusiani na sukari kabisa. Ubongo unashindwa kutoa homoni iitwayo vasopresini, ambayo huziambia figo zibakize maji, au homoni ipo lakini figo haziisikii. Maji yanapita moja kwa moja. Mgonjwa anakojoa lita kwa lita, mkojo mweupe kama maji ya kunywa, na damu yake ikipimwa sukari iko sawa. Wagiriki wangesema hiyo ndiyo diabetes kwelikweli, na kwa lugha yao wangekuwa sahihi. Ila siku hizi mtu akisikia diabetes anasikia sukari. Katika utafiti wa kimataifa wa wagonjwa zaidi ya 1,000, asilimia 80 walisema ugonjwa wao umewahi kuchanganywa na kisukari. Wamekuwepo waliolazwa hospitali, wauguzi wakaendelea kuwapima sukari kwa bidii huku dawa yao ya homoni na maji ya kunywa vikisahaulika, na baadhi walikufa. Mwaka 2022 jopo la wataalamu wa homoni kutoka nchi mbalimbali lilipendekeza jina hilo liachwe, ugonjwa uitwe kwa chanzo chake: upungufu wa vasopresini, au ukinzani wa vasopresini.

Jina jipya litachukua muda kufika kwenye kila kadi na kila kitabu, kwa hiyo insipidus utaendelea kuikuta. Mtu anayemaliza ndoo ya maji, anaamka mara tano usiku kwenda chooni, na mashine inasoma 5 kila akipimwa, asikubali kurudishwa nyumbani kwa neno moja kwamba hana kisukari. Mtu mzima hutoa lita moja hadi mbili za mkojo kwa siku. Achukue chombo chenye kipimo, akusanye wa saa 24, aandike jumla pamoja na maji aliyokunywa, aende nazo kwa daktari. Ikizidi lita tatu, kuna cha kuchunguza.